Paa wewe mwenye upaa: kipara katika Maandiko ya Kiebrania, na vipara vyetu vya mtaani

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Nina miaka 41. Nywele zilianza kuniaga nikiwa na 27, kwanza pembeni mwa paji, halafu utosini, mwisho pande mbili zikakutana. Watoto wa jirani wananiita kipara ngoto. Makondakta wananiita bosi, maana wengi bado wanaamini kipara ni dalili ya pesa. Siku ya kujitambulisha ukweni, shangazi mmoja aliuliza kwa sauti kama mimi ndiye bwana harusi au baba wa bwana harusi. Yote hayo nimeyacheka na nitaendelea kuyacheka.

Lililonichoma ni la miezi michache iliyopita. Tupo ibadani, mhubiri mgeni akafika Isaya 3:24, pale nabii anaposema badala ya nywele zilizosukwa vizuri patakuwa na upaa. Akafunga kitabu, akatangaza kwamba kipara ni alama ya laana ya ukoo, wenye nacho wapite mbele waombewe. Tulikuwa watatu. Macho yote kwetu. Wenzangu wawili wakainuka. Mimi nikabaki kwenye benchi, nikatoa simu, nikaanza kutafuta kila mahali neno "upaa" lilipo. Sikusikia tena mahubiri yaliyobaki, na tangu siku hiyo sijaacha kusoma. Nikaazima vitabu, nikamsumbua jamaa mmoja aliyesoma Kiebrania chuoni, na leo naweka hapa nilichopata. Ni ndefu, asiye na muda apite tu.

Tuanzie Walawi 13, kwa sababu hapo ndipo sheria inamtazama mwenye kipara usoni. Sura yenyewe ni ya ukaguzi wa ngozi. Kuhani anafanya kazi kama bwana afya: anaangalia rangi ya doa, anaangalia kama limezama chini ya ngozi, kama unywele uliomo umegeuka mweupe, anamtenga mtu siku saba, anamwangalia tena. Mtu unasoma ukiwa na wasiwasi, kila aya ina "najisi" yake. Halafu aya ya 40 inafika: mtu ambaye nywele zake zimeanguka, huyo ana upaa, ni safi. Aya ya 41: kama zimeanguka upande wa mbele, ana upaa wa paji, ni safi. Basi. Hatengwi, haogi, hatoi njiwa wala mwana-kondoo. Anahojiwa tu kama juu ya upaa huo pametokea doa jeupe lenye wekundu, na hata hapo kinachokaguliwa ni doa.

Kiebrania kina maneno mawili kwa watu hao wawili. Wa utosini anaitwa *kereakh*. Wa paji anaitwa *gibeakh*. Yaani waliwatazama watu kwa makini kiasi cha kujua kwamba vipara havifanani, kama kinyozi anavyojua. (Na lile gonjwa linaloitwa "ukoma" kwenye sura hiyo si lazima liwe ukoma tunaoujua hospitalini leo. Sura hiyo hiyo na inayofuata zinasema linashika hata nguo na kuta za nyumba.)

Sasa mhubiri wetu alichanganya wapi? Kuna neno la tatu, *korkha*. Huu ni upaa unaofanywa. Mtu anachukua wembe, au anang'oa kwa vidole, kwa sababu kuna msiba. Kumbukumbu la Torati 14:1 inawakataza Israeli kujikatakata na kujifanyia upaa kati ya macho kwa ajili ya mfu. Walawi 21:5 inawakataza makuhani. Ukiona sheria inakataza jambo mara mbili, ujue watu walikuwa wanalifanya. Na kweli manabii wanaandika kana kwamba kila mtu alijua desturi ile: Amosi 8:10, sikukuu zitageuka matanga na kila kichwa kitakuwa na upaa. Isaya 15:2, Moabu analia na vichwa vyote vimenyolewa. Yeremia 47:5, upaa umeipata Gaza. Ezekieli 7:18 vilevile. Hata Isaya 22:12 anasema Mungu mwenyewe aliwaita watu kwenye kilio, upaa na magunia, wao wakachinja ng'ombe wakanywa divai. Sheria imekataza, nabii anaita. Wataalamu wamebishana sana juu ya hilo. Mimi naona nabii anatumia lugha ya mtaani: akisema upaa, msikilizaji anasikia msiba.

Mika 1:16 ndio unaonipendeza kuliko yote. Anauambia mji ujinyoe kwa ajili ya watoto wake wanaokwenda uhamishoni, upanue upaa wake kama tai. Nilijiuliza, tai gani ana kipara? Neno la Kiebrania ni *nesher*, na wengi wanaona hapo anasemwa yule ndege mkubwa wa mizoga, mwenye kichwa na shingo visivyo na manyoya marefu. Kwa Kiswahili chetu cha nyumbani huyo ni tumbusi. Ukimfikiria tumbusi mstari unaeleweka mara moja.

Rudi sasa Isaya 3. Aya za 18 mpaka 23 ni orodha ndefu ya mapambo ya wanawake wa Sayuni: njuga za miguuni, vikuku, pete, shela, vioo. Aya ya 24 inageuza kila kitu: badala ya manukato uvundo, badala ya mshipi kamba, badala ya nywele zilizotengenezwa upaa. Aya ya 25: wanaume wako wataanguka kwa upanga. Huu ni mji uliotekwa. Upaa wa hapo ni wa mjane na wa mateka. Mimi nywele zangu hazikutekwa na Mwashuri, zilidondoka zenyewe kwenye mto wa kulalia, kama za baba yangu na za mjomba.

Hilo ndilo langu wakuu. Maandiko yanatenganisha upaa ulioanguka na upaa uliofanywa, sisi tumeviweka kwenye kapu moja. Karibuni.

#2

Nimevuta kiti. Endelea mkuu.

#3 – Kinyozi wa Stendi

Mleta uzi, mimi nanyoa mwaka wa 16 sasa. Umenena kuhusu aina mbili. Anayetoka mbele anakuja na kofia, anakaa, anavua akishaona hakuna mteja mwingine. Anayetoka utosini hajui, mpaka nimshikie kioo cha nyuma ndio anashtuka. Nimeshajifunza kutoshika kioo cha nyuma.

Na kuna upaa wa tatu hujautaja: wa mashine kwa makusudi. Vijana wa siku hizi wananyoa kipara kabisa wakiwa na nywele zao tele. Kwa hiyo mwenye kipara cha Mungu anajificha humo humo, hakuna anayejua. Kwangu wateja hao ndio wengi.

Swali: hao manabii walimtaja kinyozi?

#4 – Mleta uzi

Mkuu Kinyozi, umetajwa, ila mara moja tu. Neno la Kiebrania la kinyozi linapatikana Ezekieli 5:1 peke yake. Nabii anaambiwa achukue upanga mkali autumie kama wembe wa kinyozi, ajinyoe kichwa na ndevu, kisha apime nywele kwa mizani: theluthi aichome moto katikati ya mji, theluthi aipige kwa upanga, theluthi aitawanye kwenye upepo. Nywele ndio watu wa Yerusalemu. Isaya 7:20 naye anamwita mfalme wa Ashuru wembe wa kukodi.

Na huo upaa wa kuongeza, kuna mwingine ambao niliusahau kabisa. Ezekieli 29:18. Nebukadreza amelizingira jiji la Tiro, na Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi, anasema mzingiro ulichukua miaka 13. Ezekieli anasema katika kazi ile kila kichwa kilikuwa na upaa na kila bega lilichubuka, na jeshi halikupata mshahara. Yaani vichwa vilipoteza nywele kwa mizigo! Sijui kwenu, lakini bibi yangu alikuwa na duara utosini pasipoota kitu, la ndoo za maji na kuni, miaka yote ya kubeba juu ya kata. Niliposoma mstari ule nilimwona yeye.

#5

Hadithi nzuri ila mnamkwepa tembo sebuleni kwa kuzungukazunguka. Elisha je? Watoto wamemtania kipara, akawalaani, dubu wawili wakatoka msituni wakararua watoto 42. Kama kipara hakina maana yoyote, kwa nini damu yote ile? Na kama kina maana, mhubiri wako alikosea nini? 2 Wafalme 2:23-24. Nasubiri.

#6 – Mama Mapacha

#5 hebu punguza ukali, baba wa watu ameleta uzi kwa utaratibu.

Ila na mimi nataka jibu. Nilipokuwa mdogo mwalimu wa dini alituhadithia hiyo ili tusiwacheke wazee. Nililala siku tatu namwogopa babu yangu.

#7 – Mleta uzi

Nilijua itafika tu. Ngoja nichukue nafasi.

Kwanza mfurahie Kiswahili. Biblia ya Union, ile ya 1952, imeandika "Paa wewe mwenye upaa! Paa wewe mwenye upaa!" Kwa Kiebrania ni *ale kereakh, ale kereakh*, panda wewe kipara. Maneno hayo mawili hayafanani sauti hata kidogo. Huu mlio wa paa na upaa ni zawadi ya lugha yetu, na naona umeokoa maana kuliko tafsiri nyingi, kwa sababu uzito wa ile kejeli umelala kwenye "paa".

Tazameni kilichotangulia. Sura hiyo hiyo, aya ya 11, Eliya amepanda mbinguni kwa upepo wa kisulisuli. Elisha kabaki peke yake, amerarua nguo zake, ana joho la bwana wake mkononi. Habari zimeshafika mjini. Anapita Betheli, na vijana wanamwambia apande na yeye! Kwa lugha ya vijiweni: si bosi wako kaondoka, na wewe unangoja nini, tupishe. Tena Eliya, kwa mujibu wa 2 Wafalme 1:8, alijulikana kama mtu mwenye nywele nyingi, au mwenye vazi la manyoya, tafsiri zinagawanyika. Mrithi wake ana kipara. Kwa hiyo dhihaka inasema mambo mawili kwa pamoja: ondoka, na wewe si yeye.

Betheli si kijiji cha kawaida pia. Ndiko Yeroboamu aliweka mmoja wa ndama wake wa dhahabu (1 Wafalme 12). Nabii wa mstari wa Eliya akipita pale ni sawa na shabiki wa Simba kukatiza katikati ya kambi ya Yanga siku ya mechi akiwa na jezi.

Na "watoto"? Kiebrania kinasema *ne'arim ketanim*, vijana wadogo. Lakini Sulemani akiwa tayari mfalme anajiita *na'ar katon* kwenye 1 Wafalme 3:7, na Yusufu ni *na'ar* akiwa na miaka 17. Siwezi kuapa kwamba walikuwa wanaume wazima, maana aya ya 24 inatumia neno jingine linalotumika kwa watoto. Ila si lazima tuwaone wa chekechea.

Sasa kinachonifanya niwapende marabi, yaani walimu wa sheria wa Kiyahudi. Hawakuridhika na hadithi ile, kama nyie. Katika Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mijadala yao, kitabu cha Sota, wanasema "upaa" haukuwa kichwani mwa Elisha tu. Muda mfupi kabla, aliponya maji mabaya ya Yeriko. Wale jamaa walikuwa wakipata riziki kwa kuleta maji kutoka mbali, na sasa kazi imekufa. Wakamwambia: ondoka, wewe umetufanyia mahali hapa kuwa kipara. Yaani umetunyoa riziki! Mwenye kuuza maji kwa mkokoteni mtaani kwetu, siku bomba la serikali lilipofunguliwa, alitoa maneno yanayokaribiana sana na hayo.

Na hawakumsafisha Elisha. Kitabu hicho hicho kinasema nabii alipatwa na maradhi, na sababu mojawapo ni kuwachochea wale dubu. Kwa hiyo #5, hata wenye kitabu waliona damu ni nyingi mno. Mimi naungana nao.

Halafu wakabishana kama huo ulikuwa muujiza au muujiza ndani ya muujiza: mmoja akasema msitu ulikuwepo ila dubu hawakuwepo, mwingine akasema hapakuwa na msitu wala dubu. Waisraeli wa leo mtu akitunga habari ya uongo wanamwambia "si dubu wala msitu". Yote imetoka kwenye kipara cha Elisha.

Jambo la mwisho, la faraja binafsi. Elisha anakuja kufa siku za mfalme Yoashi, 2 Wafalme 13. Katikati wamepita Yoramu, Yehu na Yehoahazi, na hesabu ya kawaida ya wafalme inatoa kama miaka 50 tangu siku ile ya Betheli. Kwa hiyo alikuwa na kipara akiwa kijana! Mwenzangu kabisa. Wengine wanadhani alikuwa amenyoa kwa kumlilia Eliya, na haiwezi kukataliwa moja kwa moja, lakini neno lililotumika ni *kereakh*, lile lile la Walawi 13 kwa mtu ambaye nywele zimemwanguka.

#8

Umetunyoa riziki 😂😂 nimeliiba hilo.

#9 – Mwanafunzi wa Lugha

Mleta uzi umefanya kazi, ila unauza upande mmoja. "Safi" haina maana ya "kukubalika". Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi ambao Talmudi inaujadili, kitabu cha Bekhoroti sura ya 7, inamhesabu kereakh kati ya kasoro zinazomzuia kuhani kuhudumu hekaluni. Tena wanaeleza kereakh ni nani: asiye na mstari wa nywele unaozunguka kutoka sikio hadi sikio. Akiwa nao, anafaa. Walawi 21 yenyewe haijamtaja mwenye kipara kwenye orodha ya kasoro, marabi ndio waliomwongeza.

Kwa hiyo kutokuwa na laana, sawa. Lakini ishara ya upungufu, kwenye jicho la watu wa zamani, ilikuwepo. Nywele zilikuwa nguvu na uzuri. Samsoni na vishungi vyake saba, Absalomu na nywele za uzito wa shekeli 200 kila anaponyoa. Ukivua hizo, unavua kitu.

#10 – Mleta uzi

Nakubali, hapo umenishika. Nilisoma Torati nikaruka Mishna.

Lakini angalia hao wawili uliowataja waliishia wapi. Mmoja nywele zilimlaza magotini kwa Delila, mwingine kichwa kikanasa kwenye mwaloni. Na huo mstari wa sikio hadi sikio, asilimia kubwa ya sisi tunao! Kipara cha kawaida cha wanaume kinatokana na homoni inayozalishwa kutoka testosteroni, ambayo inasinyaza vinyweleo vya mbele na utosini, ila vya pembeni na kisogoni vinastahimili. Ndiyo maana tunabaki na ule ukingo. Kwa hiyo waliokuwa wakikataliwa walikuwa wachache sana.

#11 – Mama Mapacha

Mnaongea vipara vya wanaume, sisi je? Mwanaume akipoteza nywele anaitwa bosi. Mwanamke akipoteza anafunga kilemba miaka kumi na hamwambii hata dada yake. Mimi za pembeni zilikwisha kwa rasta za kubana, tangu sekondari nasuka mpaka macho yanavutika. Daktari wa ngozi aliniambia vinyweleo vikivutwa muda mrefu vinakufa na havirudi. Yule mhubiri angekuwa na akili, kwenye Isaya 3 angewahubiria wasusi.

Na mume wa shangazi yangu alipofariki, shangazi alinyolewa na wakwe bila kuulizwa. Alilia zaidi siku ile kuliko siku ya mazishi. Hiyo ipo kwenye Maandiko yako?

#12 – Mleta uzi

Dada, pole kwa shangazi.

Ipo, na inauma vivyo hivyo. Kumbukumbu la Torati 21:12. Askari ameona mateka mzuri vitani, anataka kumwoa. Sheria inamwambia: mlete nyumbani, anyolewe kichwa, avuliwe nguo za utumwa, akae mwezi mzima awalilie baba yake na mama yake, ndipo. Marabi wengine waliisoma kama njia ya kumpoza yule askari, amwone bila mapambo aone kama bado anamtaka. Wengine wanaona ni haki ya yule binti kuomboleza. Mimi nikisoma naona msichana ambaye hakuna aliyemuuliza, kama shangazi yako. Siwezi kuipamba.

#13

Kwetu Kisumu kunyoa baada ya mazishi ni *liedo*. Familia nzima vichwa vinang'aa, mgeni akipita anajua pana msiba bila kuuliza. Siku hizi makanisa mengi yameiacha. Nikisoma huyo Amosi na kila kichwa chenye upaa, naona uwanja wa nyumbani kwetu.

#14 – Msomaji wa Unguja

Assalam aleikum. Naomba nichangie kwa upande wetu maana mada inagusa Bani Israili.

Katika Sahihi za Bukhari na Muslim kuna hadithi ya watu watatu wa Bani Israili: mwenye mbaranga (mabaka meupe ya ngozi), mwenye kipara na kipofu. Mwenyezi Mungu alitaka kuwajaribu, akawapelekea malaika. Mwenye kipara aliulizwa anapenda nini zaidi, akasema nywele nzuri, na aondokewe na hili ambalo watu wananichukia kwalo. Akapanguswa, akapewa nywele, akapewa na ng'ombe mwenye mimba. Mwenye mbaranga alipata ngamia, kipofu alipata kondoo. Mali ikazaana. Malaika akarudi kwa sura ya maskini, tena kwa kila mmoja kwa hali yake ya zamani. Wawili wa kwanza wakamfukuza, wakadai mali wamerithi kwa wazee. Kipofu akasema chukua utakacho. Wale wawili wakarejeshwa walivyokuwa.

Angalieni lile neno "watu wananichukia". Kipara chenyewe hakikuwa dhambi yake. Dhambi ilikuja pamoja na nywele.

Na kwetu sisi kunyoa si msiba. Mtoto siku ya saba ananyolewa, uzito wa nywele zake unatolewa sadaka ya fedha. Hujaji akimaliza ananyoa au anapunguza, na Mtume (s.a.w.) aliwaombea wanaonyoa mara tatu, wanaopunguza mara moja. Wanawake wanakata ncha tu.

#15 – Mleta uzi

Waaleikum salaam Sheikh. Hadithi hii sikuwa naijua kabisa, ahsante. Na imenikumbusha kwamba hata kwa Waebrania kunyoa kulikuwa na upande wa kufunguliwa: mnadhiri akimaliza nadhiri yake ananyoa na nywele zinatiwa motoni chini ya sadaka (Hesabu 6:18), aliyepona ugonjwa wa ngozi ananyoa kila unywele ndipo arudi kambini (Walawi 14), na Yusufu ananyolewa ndipo atoke gerezani kwenda kwa Farao, maana Wamisri hawakupenda ndevu na nywele vurugu.

#16

Jamani wenye vipara mjihadhari pia. Juni 2017 polisi wa Msumbiji, mkoa wa Zambezia, walitoa tahadhari kwa wanaume wenye vipara baada ya watu kuuawa huko Milange, mpakani na Malawi. Imani ya kwamba kichwa cha mwenye kipara kina dhahabu. Huo ndio upande wa pili wa kuitwa bosi.

#17 – Kinyozi wa Stendi

Hiyo nakumbuka. Wiki ile wateja wawili waliniambia nisinyoe chini kabisa, niache kivuli.

#18

Na yule Kora aliyemwasi Musa akamezwa na ardhi, nasikia jina lake maana yake kipara?

#19 – Mwanafunzi wa Lugha

Ni mzizi ule ule, k-r-kh, ingawa mzizi huo huo unazaa pia neno la barafu. Marabi waliucheza: Kora, kwa sababu alifanya pengo, kipara, katika Israeli. Na wanahadithia kwamba Walawi waliponyolewa mwili mzima (Hesabu 8:7) mke wa Kora alimcheka mumewe: Musa kajifanya mkubwa na wewe kakunyoa kama mchezo. Ugomvi wote ukaanzia chumbani. Naongeza: Yohana mwana wa Karea kwenye Yeremia 40, baba yake jina ni Kipara. Hakuna aliyeona aibu kuliandika.

#20

Kama ni wanawake na nywele, mnijibu hii: mimi nina wake wawili na nywele zinapungua kwa kasi. Kuna uhusiano?

#21 – Mleta uzi

😂 Upo mkuu, Talmudi imekutaja, Bava Kama. Rabi Yitzhak alikaa na wanafunzi wawili, mmoja anataka sheria, mwingine anataka hadithi. Akianza hiki huyu anamkatiza, akianza kile yule anamkatiza. Akawaambia: mnanifanya kama mtu mwenye wake wawili, kijana na mtu mzima. Kijana anang'oa mvi, mume aonekane kijana. Mtu mzima anang'oa nyeusi, mume aonekane mzee. Akajikuta kipara huku na huku. Mpaka leo Kiebrania kina msemo huo, kipara huku na huku, kwa aliyekosa pande zote.

#22

Ndio maana nalala na kofia.

#23 – Mama Mapacha

Mleta uzi, rudi kwa yule mhubiri. Ulimjibu?

#24 – Mleta uzi

Sikumjibu, alisafiri siku ile ile. Ila Jumapili iliyofuata mzee mmoja wa wale wawili waliopita mbele alinifuata nje. Akavua kofia, akaniuliza, "Mwanangu, wewe ulibaki kwa kiburi au ulijua kitu?" Nikamsomea Walawi 13:40 kwenye simu. Akaniomba nirudie. Akauliza, "Imeandikwa hivyo hivyo, ni safi?" Nikamwonesha. Akavaa kofia yake akaenda zake, hakusema zaidi.

Jibu ambalo ningependa kuwa nalo siku ile alikuwa nalo Rabi Yehoshua ben Korkha, yaani mwana wa kipara. Talmudi, kitabu cha Shabati, inasimulia towashi mmoja mzushi, yaani mwanamume aliyehasiwa, alimkebehi: "Kutoka hapa hadi Vipara ni umbali gani?" Akamjibu: "Sawa na kutoka hapa hadi Matowashi." Yule akaongeza: "Mbuzi kipara ni dinari nne." Rabi: "Na aliyehasiwa ni nane."

#25 – Kinyozi wa Stendi

Huyo rabi alete kichwa kwangu, simlipishi 😂

Mleta uzi Jumamosi unakuja? Wahenga walisema mwenzako akinyolewa wewe tia maji, mimi ya moto nimeshaweka.

#26 – Mleta uzi

Saa nne kamili nipo. Ila usimalize zote kama siku zote. Niachie ule mstari wa sikio hadi sikio, nimeshaambiwa una kazi yake. Na kioo cha nyuma ushike tu, nishajua kilichopo.